Upande wa Kushoto

Saa kumi na mbili na nusu kufuli linalia: kachi.
Baba analivuta mara mbili, kisha ya tatu,
kana kwamba chuma nacho huweza kudanganya.
Mama anauliza toka jikoni: Milembe yupo?
Nipo.
Nina miaka ishirini na mitatu, na nipo.
Nimevaa soksi, kwa kuwa baridi ya Juni hapa Tabora,
kwa mujibu wa mama, inanijua kwa jina.

Nilizaliwa wa miezi saba, kilo moja na robo;
hadithi hiyo nimenyweshwa pamoja na uji.
Wawili walionitangulia hawakufikisha arobaini.
Basi sikufundishwa baiskeli.
Mvua za kwanza, wenzangu wa Cheyo wakienda porini kuchuma uyoga,
mimi nililetewa mchuzi wake mezani,
umeshapozwa.

Na reli ndiyo haramu kuu.
Baba alifunga na kufungua mabehewa miaka thelathini na mmoja.
Alimwona Mihayo, waliyegawana naye njiti za kiberiti,
akibanwa kati ya behewa na behewa.
Hajatusimulia hata siku moja.
Mimi nilisikia kwa mama,
mama alisikia kwa usingizi wa baba.

Lakini sauti utaifungia kwa kufuli gani?

Chini ya godoro nina kaunta-buku.
Saa nane na dakika kumi na moja usiku:
kichwa kimoja, honi mbili fupi, mabehewa kumi na tisa.
Nayahesabu kwa magurudumu yanapogonga maungio,
ta-ta, ta-ta, kimya kidogo, ta-ta.
Ya Kigoma huburuta mguu, kama mtu aliyebeba chumvi ya Uvinza.
Ya Mwanza hukohoa kwanza, halafu ndipo inaamua.
Ya Mpanda ina honi ya mwenye haya.
Haliniingizii shilingi, daftari hili.
Halina mtihani.
Ni langu tu, kama harufu ya mto wangu.

Jumanne moja nimerudi chuoni
(mama kanisubiri getini, mwavuli mkononi, jua kali),
nafungua ukurasa wa juzi,
nakuta penseli, mwandiko ulioinama,
mwandiko wa fomu za zamu:

*Si abiria hii. Matangi ya mafuta, matupu.
Tupu hurukaruka. Sikiliza vizuri.*

Nilikasirika. Niseme kweli, nilitetemeka.
Mpaka chini ya godoro, Baba?
Mpaka huko?
Nikalizika daftari katika ndoo ya mahindi,
siku tatu sikuandika kitu,
treni zikapita bila kuhesabiwa, kama watoto wa watu.

Usiku wa tatu, saa nane na ushei, likapita jambo zito,
nami nikajikuta nasikiliza kama lilikuwa linarukaruka.
Halikuruka.

Siku ya nne nikalirudisha godoroni.
Nikachukua rula, nikapiga mstari,
nikaacha wazi upande wa kushoto, upana wa vidole vinne.
Sikumwambia mtu.
Kufikia Ijumaa palikuwa pameandikwa:
*Breki imechoka. Wasipoitengeneza, Kaliua hawafiki.*

Jana kufuli limelia kachi, kachi, kachi.
Milembe yupo?
Nipo.
Saa tisa kasoro, honi.
Nimefika mabehewa ishirini na mawili
ndipo upande wa pili wa ukuta kitanda cha baba kikalia,
mtu kaketi.
Nikasikia ukucha ukigonga ubao, polepole, ta-ta, ta-ta,
ukafika kumi na saba, ukapotea,
ukaanza upya, ingawa treni ilikwisha kupita,
ingawa kulikuwa na mbwa tu, na upepo kwenye bati.
Mihayo, sijui, labda alikuwa la kumi na nane.

Asubuhi nimeomba funguo, niende stesheni,
nisimame mbali, nitazame tu.
Baba akaigeuza sahani ya mihogo, akaigeuza tena.
Akasema: Chai inapoa.
Kisha, bila kunitazama:
Vaa viatu vya kufunga.